Tuktuk Isiyo na Dereva Itafika Dunga Lini?

Swali limetoka kwa kijana anayeendesha tuktuk kati ya mjini Kisumu na ufuo wa Dunga. Ameona kwenye simu video ya teksi nyeupe ikikata kona katika mitaa ya San Francisco, usukani ukizunguka wenyewe, kiti cha dereva kitupu, na abiria nyuma akichezea simu yake kana kwamba hakuna la ajabu. Anauliza mambo mawili. La kwanza, gari hilo linaonaje njia? La pili, ambalo nadhani ndilo lililomfanya aandike: achukue mkopo wa tuktuk ya pili, au aanze kutafuta kazi nyingine?

Kabla ya kumjibu niliuliza maoni ya watu pale pale ufuoni. Mama mmoja mchuuzi wa samaki alitaka kujua gari lisilo na mtu litamsaidiaje kuinua beseni la mbuta. Dereva wake humbebea mzigo, humngoja akipatana bei na wavuvi, tena hukubali kulipwa jioni samaki wakishauzwa. Fundi wa simu aliye karibu naye hana subira hata kidogo: dereva wa kompyuta halewi, hasinzii, hatafuni miraa, basi aje hata kesho. Mzee mmoja, jalupo, yaani mvuvi, wa miaka mingi, alikumbusha kwamba amevua kwa makasia na tanga, akaziona mashine zikifungwa nyuma ya mitumbwi, akaona karabai zikichukuliwa nafasi na taa za sola. Kila kilipokuja kipya walikuwapo waliosema uvuvi umekwisha. Yeye anachokiogopa ni kupungua kwa samaki.

Hoja zote tatu zina uzito. Ya fundi ina makaburi nyuma yake: Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaokwenda kwa miguu.

Tena hatuanzi leo kuiachia mashine kazi ya dereva. Mwaka 2004 Waziri wa Uchukuzi John Michuki alilazimisha kila matatu iwekwe kidhibiti mwendo, isipite kilomita 80 kwa saa. Kifaa hicho kilikuwa mashine iliyopewa mamlaka ya kuushika mguu wa dereva. Wenye matatu walilalamika, abiria wakashangilia, na baada ya muda wengine wakajifunza kukichokora kifaa ili gari lipae tena. Wakenya na Watanzania waliokwenda kutafuta riziki Dubai hupanda treni isiyo na dereva tangu mwaka 2009 metro ya mji huo ilipofunguliwa, na sijasikia hata mmoja akirudi nyumbani kulalamikia hilo. Hulalamikia joto na mwajiri. Na hapa kwetu, kaunti hii hii ya Kisumu, kampuni ya Zipline ilifungua kituo chake Chemelil mwaka 2022, katikati ya ukanda wa miwa. Kutoka hapo ndege ndogo zisizo na rubani hurushwa kwa manati kubwa, zikakata anga kwa mwendo wa kilomita 100 hivi kwa saa zikipeleka dawa na chanjo kwenye zahanati. Zikifika huangusha mzigo kwa parachuti ya karatasi, zikarejea zenyewe. Kampuni ilianzia Rwanda mwaka 2016 kwa kupeleka damu hospitalini. Anayesema vyombo vinavyojiendesha havijafika Nyanza hajatazama juu.

Sasa nije kwenye swali la kwanza, ambalo ndilo lililoninyima usingizi. Wataalamu wamegawa magari haya katika ngazi, kuanzia sifuri mpaka tano, kufuatana na kazi anayoachiwa binadamu. Mgawanyo huo unawafaa wanasheria na watu wa bima, mimi nauruka. Historia nayo naipitia mbio. Mwaka 2004 wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani uliandaa mashindano ya magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave, na lililokwenda mbali kuliko yote halikumaliza kilomita 12. Mwaka uliofuata magari matano yakafika mwisho, likashinda Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2009 Google ikaanzisha mradi uliozaa Waymo, na mwaka 2020 Waymo ikaanza kubeba umma kule Phoenix bila mtu usukanini.

Vifaa vya kuonea pia sitavikalia sana, kwa kuwa husifiwa kupita kiasi. Kuna kamera pande zote. Kuna rada, ambayo hupenya ukungu na mvua. Magari mengi yana laida, kifaa kinachorusha mwale wa leza na kupima muda wa kurudi kwake: kitu kilicho umbali wa mita 30 huurudisha mwale baada ya nanosekunde 200, na nanosekunde ni sekunde iliyokatwa vipande bilioni moja. Kuna GPS, sawa na ya simu yako, inayosikiliza satelaiti zilizo kimo cha kilomita 20,000 na ushei. Tesla imeamua kutegemea kamera. Waymo inazo kamera, rada na laida.

Kila kimoja kati ya hivi hukosea. Kamera hupofushwa na jua la jioni linapoelekea kutua upande wa ziwa. Laida hutatizwa na mvua kubwa. Rada huweza kukiona kipande cha chuma kilichotupwa barabarani ikakipa ukubwa ambao hakina. GPS hukosea mita kadhaa hata mbingu zikiwa wazi, na katikati ya majengo ya Oginga Odinga Street hukosea zaidi kwa kuwa mawimbi yake hugonga kuta kabla hayajaifikia antena. Sasa sikiliza ajabu yenyewe: kutoka kwa mashahidi hawa wote wenye makosa, gari hupata jibu lililo sahihi kuliko la shahidi yeyote kati yao.

Mfikirie nahodha wa mtumbwi wa omena akirudi Dunga saa tisa usiku. Mwezi hakuna, maana omena huvuliwa gizani ndipo wafuate taa. Amezima mashine kubana petroli, vijana wanapiga makasia. Upepo wa usiku unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo unamrudisha nyuma kidogo kidogo. Haoni ufuo. Hata hivyo si kwamba hajui alipo. Anajua alipoanzia, anajua vijana wamepiga makasia kwa muda gani na kwa nguvu gani, anaujua upepo. Anapiga hesabu kichwani na kujiambia: nimebakisha mita 600.

Hilo ni kadirio, na nahodha mwenye akili hulibeba pamoja na kitu cha pili, nacho ni kiasi cha shaka yake. Anajua anaweza kuwa amekosea kwa mita 100 hivi, mbele au nyuma. Kila dakika inayopita bila kuona kitu, shaka inaongezeka, kwa sababu kila kasia linaongeza kosa lake dogo juu ya makosa yaliyotangulia. Akiendelea hivyo mpaka alfajiri bila kuona chochote, kadirio lake litakuwa halina thamani tena.

Ghafla kijana aliyekaa omo anaona taa za Dunga, mahali akina mama wanapongoja samaki. Kwa jinsi anavyoziona anasema zimebaki mita 500. Macho yake ni mazuri, lakini umbali juu ya maji usiku ni mgumu kuupima, kwa hiyo naye anaweza kukosea kwa mita 50.

Nahodha kule tezi anasema 600, kijana kule omo anasema 500. Nani afuatwe? Watu wengi hujibu kwamba afuatwe mwenye macho, au afuatwe mkubwa, au igawanywe katikati iwe 550. Majibu yote matatu ni mabaya. Jibu bora ni kumwamini kila mmoja kwa kadiri ya uhakika wake. Chukua shaka ya kila mmoja uizidishe kwa yenyewe. Ya nahodha ni 100 mara 100, yaani 10,000. Ya kijana ni 50 mara 50, yaani 2,500. Jumla ni 12,500. Sasa gawa ile ya nahodha kwa jumla: 10,000 kwa 12,500, unapata 0.8. Hiyo ndiyo imani anayostahili kijana. Basi kutoka 600 tunasogea kuelekea 500 kwa asilimia 80 ya tofauti yao, tunafika 520. Mtumbwi uko mita 520 kutoka ufuoni.

Lakini tamu ya hesabu hii iko mbele. Ukiuliza shaka ya jibu hilo jipya ni kiasi gani, hesabu inakuambia ni mita 45 hivi. Nahodha peke yake alikuwa na shaka ya 100. Kijana peke yake alikuwa na 50. Wakiwekwa pamoja wanapata 45, chini ya yule aliyekuwa bora. Yaani hata shahidi dhaifu ameongeza kitu! Nahodha, ambaye kadirio lake lilikuwa bovu mara mbili ya lile la kijana, amelifanya neno la kijana liwe zuri kuliko lilivyokuwa. Sababu ni kwamba wawili hawa hukosea kwa njia tofauti, mmoja kwa makasia na upepo, mwingine kwa macho, na si rahisi makosa yao yaelekee upande mmoja kwa kiasi kile kile. Sharti ni kwamba wasiwe wameambiana.

Badilisha kidogo uone. Ukungu ukitanda, kijana anasema bado ni 500, ila sasa shaka yake ni mita 300. Zidisha 300 kwa 300, ni 90,000. Imani anayostahili inashuka hadi 0.1, na mtumbwi unasogezwa mita 10 tu, kutoka 600 hadi 590. Nahodha hajamnyamazisha kijana, amemsikiliza kwa kipimo. Ukungu ukitoweka, imani inarudi yenyewe.

Na kuna jingine linalonifurahisha zaidi ya yote. Baada ya kupatanisha, nahodha hahitaji kukumbuka safari nzima. Makasia yote, upepo wote, taa zote alizoziona tangu usiku uanze zimeingia ndani ya namba mbili: mita 520, na shaka ya 45. Kutoka hapo anakisia hatua inayofuata, anatazama tena, anapatanisha tena. Namba mbili zinabeba usiku mzima.

Aliyeiandika hesabu hii kwa ukamilifu ni Rudolf Kálmán, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Marekani, mwaka 1960. Stanley Schmidt wa kituo cha Ames cha NASA aliiona thamani yake, ikaenda kutumika katika kuongoza vyombo vya Apollo mwezini, vikiwa na kompyuta ambayo kumbukumbu yake ni ndogo kuliko ya simu ya mulika mwizi. Iliwezekana kwa sababu ile ile: namba chache zinatosha. Kwa lugha za Ulaya huitwa kwa neno lenye maana ya chujio, na tafsiri ya haraka ingekuwa chujio la Kálmán. Silipendi. Chujio huzuia machicha na kupitisha tui; hapa hakuna kinachozuiwa, kila ushahidi hupokewa, hata ulio dhaifu. Kazi hii kwa Kiswahili ni ya mpatanishi, anayekaa kati ya wawili wanaobishana akijua kila mmoja husema kweli kwa kiasi gani. Nitamwita mpatanishi wa Kálmán mpaka aje mwenye jina bora.

Ukitaka kumwona akifanya kazi, fungua ramani kwenye simu yako. Utaona nukta ya buluu ulipo, na kandokando yake duara hafifu la rangi hiyo hiyo. Watu wengi hudhani ni pambo. Duara hilo ni shaka. Ingia ndani ya nyumba ya mabati utaliona likipanuka. Toka uwanjani litajikunja tena. Simu inakuambia wazi kwamba iko mahali fulani ndani ya mzingo huo. Rubani wa kompyuta katika droni hutumia hesabu za jamii hii hii kuunganisha GPS, mwendo na mtikisiko wa upepo. Gari nalo hukisia kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu yake, kisha hutazama kwa GPS, kamera na laida, kisha hupatanisha, mara nyingi kila sekunde. Na halipatanishi mahali lilipo lenyewe tu. Kila boda boda linayoiona, kila mtoto, kila mbuzi hupewa mpatanishi wake: yuko wapi, anaelekea wapi, kwa mwendo gani, na nina uhakika kiasi gani. Boda ikipotea nyuma ya lori, gari halisahau. Huendelea kuikisia huku shaka ikipanda, na ikichomoza upande wa pili, shaka hushuka. Dereva mzuri wa Kisumu hufanya hivyo hivyo bila kujua. Kompyuta huweza kufanya kwa vitu mia kwa wakati mmoja, nyuma na mbele, bila kupepesa.

Ndiyo maana tukio la Tempe, Arizona, hunisumbua kila ninapolifikiria. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018 mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara pana huku akisukuma baiskeli. Gari la majaribio la Uber, lenye mtu ndani ambaye macho yake yalikuwa kwenye simu, lilimgonga akafa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza na kutoa matokeo mwaka 2019. Gari lilikuwa limemwona. Lilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, likiwa umbali wa zaidi ya mita 100, nafasi tele ya kusimama. Tatizo ni kwamba halikuweza kuamua ni kitu gani. Mara lilimwita gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Na kila lilipobadilisha jina, lilitupa kumbukumbu ya alikotoka na alikokuwa akielekea, likaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza anatokea. Zile namba zinazobeba usiku mzima zilifutwa, zikafutwa tena, zikafutwa tena. Mtu anayevuka kwa mwendo wa kawaida akageuka mfululizo wa vitu vipya visivyo na historia. Nahodha wa Dunga hawezi kufanya kosa hilo. Akiona taa na asijue ni ya mtumbwi au ya nyumba, bado anakumbuka ilikuwa wapi dakika iliyopita.

Bodi iliona jambo la pili, nalo linatuhusu zaidi. Programu ya gari lile haikuwa imewekewa uwezekano wa mtu kuvuka barabara mahali pasipo kivuko. Soma sentensi hiyo ukiwa umesimama Kondele, hapa Kisumu. Hapo kila mtu huvuka pasipo kivuko, kwa kuwa vivuko ni vichache na biashara iko pande zote mbili. Mama huvuka na karai kichwani, akimtazama dereva machoni. Dereva hupunguza mwendo kwa nukta moja, mama hupita. Boda huja upande usio wake akiwasha taa kuomba njia, naye hupewa. Kuna mazungumzo mazima hapo ya macho, mikono na honi. Ndege ya Chemelil haina haja ya mazungumzo hayo, na hii ndiyo sababu mashine imetangulia kuja kwetu kwa njia ya anga. Mwewe hakuombi njia.

Mpatanishi wa Kálmán ana nguvu kubwa, lakini hupatanisha yale aliyoletewa. Kazi ya kusema hiki ni mtu na hiki ni boda hufanywa na sehemu nyingine ya programu, iliyofunzwa kwa picha nyingi mno, kila picha ikiwa imeandikwa na binadamu: huyu ni mtu, hili ni lori. Kwa hiyo uliza picha zilipigwa wapi. Mkusanyo uitwao KITTI, ambao watafiti duniani waliutegemea tangu mwaka 2012, ulipigwa katika mji wa Karlsruhe, Ujerumani. Mwingine mashuhuri, nuScenes, uliotoka mwaka 2019, ulipigwa Boston na Singapore. Barabara hizo zina mistari iliyopakwa rangi, zina lami mpaka ukingoni, na hazina boda iliyobeba kochi. Mashine iliyosomeshwa Karlsruhe ikiletwa mtaa wetu wa Nyalenda itaona vitu ambavyo haijawahi kupewa majina yake. Na tumeona Tempe kilichotokea gari lilipokosa jina.

Wahindi walilitambua hili mapema. Mwaka 2018 watafiti wakiwemo wa taasisi ya IIIT Hyderabad walitoa mkusanyo wao, picha zaidi ya 10,000 zilizopigwa Hyderabad, Bangalore na viunga vyake, na katika orodha ya vitu vya kutambuliwa waliweka wanyama na bajaji. Bajaji, ndugu zangu, ndiyo tuktuk! Chombo kinachotoka India hadi kando ya Ziwa Victoria kwa meli na lori kimepata jina mbele ya macho ya mashine kwa sababu watu wa kwao waliamua kukiandika. Nilipogundua hilo nilifurahi, kisha nikaona uchungu: tuktuk ya Kisumu inaweza kutambuliwa kwa hisani ya Hyderabad, ila matatu yetu yenye michoro, mkokoteni wetu na mama wa karai bado.

Ramani nazo ni shida ya aina yake. Waymo hutengeneza kwanza ramani ya kina ya kila mtaa, hadi ukingo wa barabara, ndipo gari lilinganishe linachokiona na kilichomo ramanini. Pale Dunga hata ukingo wa ziwa hausimami mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda kuliko ilivyokuwa imewahi kupimwa hadi wakati huo, yakafunika maeneo ya ufuoni. Gugu maji nalo husukumwa na upepo: unalala ufuo ukiwa wazi, unaamka umefungwa na zulia la kijani lenye ukubwa wa viwanja kadhaa vya mpira, mitumbwi imekwama nyuma yake. Atakayeleta mtumbwi unaojiendesha ziwani lazima aufundishe kwamba alama za nchi husafiri.

Sasa jibu la mkopo. Ndugu yangu, kama hesabu ya mafuta na riba inakubali, mimi ningechukua. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, imejengwa juu ya dereva mwenye leseni, na kuibadilisha si kazi ya siku moja. Vifaa vya kuonea vya teksi ile ya San Francisco ni ghali kupita tuktuk yenyewe, na hakuna mwekezaji atakayevifunga kwenye chombo kinachotoza nauli ndogo kama ya Dunga. Mama wa samaki naye amesema neno ambalo wahandisi wengi hawajalisikia: kushika usukani ni sehemu tu ya kazi yako. Kuinua beseni, kungoja na kukopesha nauli hakuna kampuni iliyokuja nayo. Badiliko litakalokufikia kwanza ni la betri, maana pikipiki za umeme tayari zinabeba abiria Nairobi, na hilo ulifikirie unapochagua tuktuk ya kununua.

Hata hivyo sitaki tukae tukingoja. Teknolojia hii itafika, na itafika imeshafunzwa. Swali la kumuuliza yeyote atakayekuja kaunti na magari au mitumbwi ya namna hii lisiwe kama mashine yake ina akili nyingi. Aulizwe inafanya nini inapokuwa na shaka. Hupunguza mwendo? Husimama? Huita binadamu? Au hubadilisha jina la inachokiona na kuendelea? Aulizwe pia ilipata wapi picha zake, na aonyeshe ngapi zilipigwa Afrika Mashariki. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wana uwezo wa kuandika maswali haya kuwa masharti leo, kabla gari la kwanza halijashuka Mombasa, na hayatawagharimu shilingi nyingi.

Nanyi wanafunzi wa kompyuta na uhandisi wa Maseno, wa Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, wa Kisumu National Polytechnic: Hyderabad wametuonyesha njia na kazi yenyewe haihitaji maabara ya gharama. Kamera juu ya tuktuk, ruhusa ya mwenye tuktuk, safari za Kondele hadi Dunga asubuhi, adhuhuri na usiku, msimu wa mvua na wa jua. Kisha kuketi na kuandika jina la kila kitu kilichomo: boda yenye abiria watatu, mkokoteni wa maji, mama wa karai, mbuzi, ng'ombe, mtoto wa shule. Nyuso za watu na nambari za magari zifunikwe kabla picha hazijatolewa, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda hata wapita njia. Kijana mwenye swali amekubali tuktuk yake itumike. Atakayeanza aniandikie, nimkutanishe naye.